Mikorosho Inayougua Januari

Pembetatu ya madai ya bima ni kitu rahisi kuliko watu wa makao makuu wanavyopenda kukifanya. Mstari wa juu ni mwaka wa kwanza wa bima, unaofuata ni mwaka wa pili, na unashuka hivyo hivyo. Ukienda kulia unahesabu robo za mwaka tangu mwaka ule uanze: robo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Ndani ya kila kisanduku unaandika idadi ya wakulima walioleta taarifa kwamba mashamba yao yameharibika. Mwaka wa zamani una visanduku vingi vilivyojaa kwa kuwa umeishi sana, mwaka mpya una viwili vitatu tu. Ndiyo maana umbo linatoka pembetatu: juu kushoto kumejaa, chini kulia kutupu. Huko chini kulia ni siku ambazo hazijafika, na kampuni ilikuwa ikinilipa mshahara ili nikisie zitaleta nini.

Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nalisema hilo kwa hasira, si kwa majivuno.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja Nachingwea mjini, kimepakana na duka la pembejeo, na harufu ya salfa ilikuwa ikipita chini ya mlango kutwa nzima. Mimi ndiye niliyekuwa karani, mpokea wageni na mtaalamu wa takwimu. Nilisoma takwimu chuoni, nikazunguka Dar na bahasha ya vyeti mpaka pembe zake zikachakaa, kisha nikarudi kusini. Kazi hii nilipoipata mama yangu alichinja kuku. Bima yenyewe ilikuwa ya mikorosho: mkulima anakatwa kiasi kidogo kwenye mauzo yake kupitia chama cha msingi, na shamba likiharibiwa na ugonjwa au ukame analipwa fidia.

Fomu ya madai ilikuwa na sehemu mbili za tarehe. Ya kwanza, tarehe ya hasara, yaani siku shamba lilipoharibika. Ya pili, tarehe ya taarifa, siku mkulima alipokuja kutuambia. Kati ya hizo mbili zisipite siku kumi na nne. Zikipita, dai limekufa. Hayo yalikuwa yameandikwa nyuma ya fomu kwa herufi ndogo ambazo hata mimi mwenye miwani nilizisoma kwa kukunja uso.

Mwaka wa kwanza miezi ilipita hakuna mtu. Mwezi wa saba, wakati mikorosho ina maua na ubwiri unga unatembea shamba kwa shamba ukiyapaka maua jivu, nilikaa ofisini napigwa na usingizi. Mwezi wa nane kimya. Mwezi wa kumi minada ikaanza, watu wakapita mbele ya mlango wangu na magunia, wengine magunia yao yakiwa mepesi sana, wakanisalimia na kwenda zao. Makao makuu wakafurahi. Wakasema kusini kuna baraka.

Januari, mnada wa mwisho ulipokwisha, akaingia bibi mmoja kutoka Nambambo. Alikuwa amejifunga kanga mbili na ameshika viatu mkononi kwa sababu ya tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja. Shamba langu limekufa."

"Pole sana. Limekufa lini?"

"Tangu maua. Ubwiri ulililamba lote."

"Maua ya mwezi wa saba?"

"Huko huko."

"Sasa bibi, mbona hukuja mwezi wa saba?"

Alinitazama kama vile nimemuuliza kwa nini hakumchimbia mgonjwa kaburi. "Nkorosho umesimama, una majani, nije mjini kutangaza umekufa? Na Mungu akitaka kunipa maua ya pili, nimwambie nini? Kwamba nimeshachukua hela ya matanga?"

Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Nilipokuwa mdogo niliwahi kusema mbele ya watu, "Mwaka huu hatupati kitu," na mama akanipiga kofi la mdomo. Kwetu mtu hasemi amekosa mpaka mnada wa mwisho upite. Mkorosho ukinyauka maua unaweza kutoa mengine, usipotoa mengine kuna punje mbili tatu kwenye tawi la chini, na hata punje zisipokuwepo bado kuna Mungu. Kukata tamaa na rehema yake ni dhambi, na kwenda kulitangaza jambo hilo ofisini ni dhambi iliyotiwa nuksi. Kampuni, kwa upande wake, ilitaka watu wakate tamaa ndani ya siku kumi na nne, tena kwa maandishi na dole gumba.

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Nilimwambia, "Bibi, hapa naandika shamba limeharibika wiki iliyopita."

"Lakini si wiki iliyopita."

"Najua. Wewe weka dole, tarehe niachie mimi."

Akaweka dole. Baada yake wakaja wengine, mwezi mzima, kwa baiskeli na kwa miguu, na kila mmoja aliniambia ukweli wake wa mwezi wa saba, nami nikamwandikia Januari. Kwa kuwa walikuwa wameshakatwa kwenye mauzo fedha za bima ya mwaka mpya, madai yao yaliingia kwenye mwaka mpya na yakalipwa. Nililala vizuri. Nilijiona mtoto wa nyumbani aliyesoma akakumbuka alikotoka.

Kisha kampuni ikanipeleka Dar siku tatu kujifunza programu ya takwimu. Ni ya bure, jina lake ni herufi moja tu, na inakutazama kwa kioo cheusi mpaka uiambie neno. Niliipenda siku ya kwanza. Unaipa orodha ndefu, kila mstari dai moja na tarehe zake mbili, unaandika amri fupi, na orodha inajikunja kuwa pembetatu. Amri nyingine inazigeuza nyongeza za kila robo kuwa jumla inayokua. Nyingine inachora: kila mwaka mstari wake wa rangi, unapanda kadiri taarifa zinavyoingia, kisha unalala pale zinapokwisha.

Mkuu wangu wa kitengo ndiye aliyetufundisha. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuvaa shati jeupe na kusema polepole. Jambo moja alilirudia mpaka tukalichoka. Pembetatu ikigeuzwa, alisema, programu inaweza kuweka sifuri mahali ambapo panatakiwa kuwa patupu, na hilo ni kosa kubwa. Sifuri maana yake tumesubiri, tumetazama, hakuna aliyekuja. Patupu maana yake bado hatujui. "Msinijazie sifuri kwenye siku ambazo hazijafika," alisema, na mimi nikaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Mchoro wangu wa kwanza wa kweli ulitoka baada ya mwaka wa pili. Ulipanda wima kwenye robo ya kwanza, kisha ukalala, ukabaki umelala. Hakuna aliyechelewa. Mkuu akanipigia simu. "Huu mchoro ni mzuri sana," alisema. "Hauna mkia." Mkia ni yale madai yanayojivuta nyuma, yanayofika wakati kampuni imeshafunga hesabu zake. Mikoa mingine ilikuwa na mikia mirefu, sisi hatukuwa nao kabisa, na kwa hiyo kampuni haikuweka kando chochote kwa ajili ya wa kwetu watakaochelewa. Badala yake iliamua kuvuka na kuingia Ruangwa. Nilimwonyesha mama ule mchoro kwenye simu. Akasema unapendeza, akauliza mbona hauna mti.

Ruangwa maana yake ni Nambilanje, na Nambilanje maana yake ni mjomba wangu.

Kwetu mjomba si ndugu wa kumtembelea sikukuu tu. Ni yeye anayeitwa ukiugua, ukiposwa, ukifiwa. Baba yako ana kauli yake, lakini neno la mwisho ni la kaka yake mama. Mjomba wangu huyu ndiye aliyeuza mbaazi zake miaka mitatu mfululizo ili mimi nikae chuoni. Ana shamba la mikorosho aliloachiwa na mjomba wake yeye, mikorosho mikubwa ya zamani, na anaijua mmoja mmoja kama mtu anavyowajua watoto wa darasa lake.

Nilipompelekea habari za bima aliniuliza swali moja tu. "Yaani nalipa ili nikikosa nifurahi?"

"Hapana mjomba. Unalipa ili ukikosa usiuze mikorosho."

Alifikiri siku nyingi. Akaenda kumuuliza shehe kama si kamari, akaniita tena nikamweleza upya, mwisho akakubali. Na mjomba akikubali jambo hakubali peke yake. Ijumaa moja baada ya sala akawaambia watu nje ya msikiti kwamba mpwa wake yumo ndani ya jambo lile, kwa hiyo halina ubaya. Walijiandikisha kwa ajili yake, si kwa ajili ya kampuni. Nilikuwepo, nimesimama na fomu upande wa wanawake, na nilijisikia fahari mpaka machozi.

Mwaka wa nne, mwezi wa saba, alinipigia simu mchana nikiwa ofisini. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mama, za mvua, za mguu wake.

"Mpwangu, mikorosho inaumwa."

"Inaumwa vipi?"

"Maua yamekuwa meusi. Nimepulizia dawa mara mbili, haikushika. Upande wote wa bondeni."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Fomu zilikuwa mezani, rundo zima, safi. Nadhani alisikia karatasi ikisogea.

"Usiandike," alisema. "Nakwambia wewe kama mwanangu. Bado Mungu yupo."

Nikaiweka kalamu chini. Sikuona hasara yoyote katika kungoja, kwa sababu nilikuwa na dawa yangu ya Januari. Angekuja mnada wa mwisho ukipita, pamoja na majirani zake, nami ningewaandikia wote wiki iliyopita, kama kawaida.

Kilichoniponza ni majivuno. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimejifunza michoro mipya na nilitaka kumwonyesha mkuu kwamba Nachingwea pia kuna watu. Nikaigeuza orodha yangu kwa namna nyingine, nikahesabu hasara kwa mwezi badala ya robo, nikachora nguzo kumi na mbili za rangi. Nguzo moja ilisimama ndefu kama mnara na kumi na moja hazikuwepo kabisa. Niliona inapendeza. Nikaituma.

Alipiga siku iliyofuata. "Hebu niambie," alisema kwa upole wake ule ule. "Mikorosho yenu inaugua Januari?"

Niliufungua tena ule mchoro wa nguzo.

"Mimi ni mtoto wa mjini, korosho naijua ikiwa ndani ya pakiti. Lakini nimeuliza. Nimeambiwa Januari korosho zimeshavunwa, zimeshauzwa na zingine zimeshapanda meli. Ugonjwa ule unashika maua, na maua ni mwezi wa saba. Sasa hawa watu wote wanapoteza nini Januari?"

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nilimweleza yote, tangu bibi wa Nambambo. Mwishoni alisema nilichofanya si kuwasaidia wakulima. Kila mwaka nilikuwa nikiulipa kwa fedha za mwaka unaofuata, na kampuni ilikuwa imeingia Ruangwa kwa kuutazama mchoro ambao haukuwa wa kweli. Alinipa siku kumi nirudi kwa kila mtu, niulize tarehe ya kweli, nigeuze upya, nichore upya.

Nilianzia Nambambo. Bibi alikuwa anapepeta, hata hakuacha. "Mimi si nilikwambia mwezi wa saba? Wewe ndiye uliyesema wiki iliyopita." Nilipita Nanganga, nikapita vijiji vingine, na hakuna hata mmoja aliyebabaika. Wote walikuwa na tarehe zao kichwani: siku ya pili baada ya kupulizia, juma lile mtoto alipotahiriwa, asubuhi ile ya umande mzito. Watu hawa hawakuwahi kudanganya. Katika madaftari yote ya kampuni, upande huu wa nchi, mwongo alikuwa mmoja na alikuwa amevaa kitambulisho shingoni.

Pembetatu ya kweli ilikuwa mbaya kuitazama. Robo ya kwanza sifuri, ya pili sifuri, ya tatu sifuri, ya nne sifuri, halafu robo ya tano, mwaka ukiwa umeshafungwa, mstari unaruka juu kama kuku aliyekanyagwa. Kila mwaka hivyo hivyo. Niliiamuru programu ikadirie mwaka wa nne utafika wapi, kama inavyofanya siku zote, kwa kuzidisha kilichopo kwa kiasi cha ukuaji wa miaka iliyopita. Lakini sifuri haizidishwi ikawa kitu. Programu ilinijibu kwamba jibu hilo si namba. Nilirudia amri mara kadhaa, nikijua wazi kwamba kosa si la amri.

Kisha nilikibadili kisanduku kimoja tu. Mwaka wa nne, robo ya tatu, niliandika moja.

Uamuzi ulishuka ndani ya juma. Yaliyolipwa yamelipwa, hayatadaiwa. Kuanzia sasa sheria ya siku kumi na nne itafuatwa kama ilivyoandikwa, na hasara za mwezi wa saba ambazo hazijaletwa hazitapokewa. Bima ya mikorosho kwa Nachingwea na Ruangwa itasimamishwa mwaka ukiisha, na ofisi itafungwa. Mimi nitamaliza kazi ya pembetatu, kisha niende nyumbani.

"Na huyu mmoja ni nani?" mkuu aliuliza.

"Ni mjomba wangu. Alinipigia simu mwezi wa saba, siku nne baada ya maua kuungua. Mimi ni mtumishi wa kampuni, kwa hiyo alitoa taarifa ndani ya muda. Mimi ndiye ambaye sikuandika."

"Una ushahidi?"

Nilikuwa na simu yangu, na siku ile imo kwenye orodha ya waliopiga. Nadhani alitaka kunisaidia. Nimelifikiria hilo mara nyingi na bado naamini. "Ukisema hivyo unajifukuzisha kwa kosa, hutapata hata kiinua mgongo," alisema. Nikasema najua. "Basi nitampigia mwenyewe. Akithibitisha, hilo dai lake litalipwa."

Nilikwenda Nambilanje siku ile ile. Kwa wakati huo nilikuwa nimeshajua kwamba kuna mfanyabiashara anayeizungukia mikorosho ya mjomba. Alikuwa anataka kuichukua rehani: anatoa fedha leo, anavuna yeye misimu mitatu, kisha anamrudishia mwenyewe. Nimeona mikorosho iliyotoka rehani. Haipaliliwi, haipogolewi, matawi yanavunjwa ili punje zishuke upesi, na mwenyewe akirudishiwa ni mzee kuliko alivyoitoa. Mjomba alikuwa hana mbegu, hana akiba ya chakula, na mguu unamtaka hospitali.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, amenyoosha mguu ule mbaya. Mjomba wa watu alikuwa amepungua. Tuliletewa ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa na chumvi, tukala kidogo.

"Mjomba, atapiga mtu kutoka Dar. Atakuuliza kama uliniambia mwezi wa saba. Sema ndiyo."

"Si nilikwambia kweli?"

"Uliniambia kweli. Ndiyo maana nakwambia useme ndiyo."

"Na hawa wenzangu?"

"Wao hawakuniambia, mjomba. Siwezi kuwafanyia kitu."

Akaitikia kwa kichwa. Simu ilipoita niliiweka sauti kubwa, nikaishika mimi ili mkono wake usibonyeze kitu. Walisalimiana vizuri, mkuu akamwamkia, mjomba akamwitikia na kumuuliza habari za nyumbani kwake, kana kwamba ndiyo shughuli iliyowakutanisha.

"Mzee wangu," mkuu akasema, "ni kweli mwezi wa saba ulimpigia mpwa wako?"

"Ndiyo, baba. Nilimpigia."

"Ukamwambia habari za mikorosho?"

"Ndiyo. Nilimwambia inaumwa."

Nilianza kupumua.

"Kwa hiyo siku ile ulimpa taarifa kwamba umepata hasara. Umekosa mavuno."

Mjomba alinitazama. Nilimwitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, sema. Alitazama simu, akatazama kule bondeni, akajisogeza kwenye mkeka kama mtu anayejiandaa kusali.

"Hapana, baba," alisema. "Hilo sikusema. Mwezi wa saba nilikuwa bado sijakata tamaa."

Mkuu aliuliza mara ya pili, polepole, akimpa nafasi. Mjomba akamjibu vile vile. Mkuu akamshukuru, akamtakia afya, akakata.

Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyomkasirikia mjomba wangu siku ile, na kwetu mjomba hakasirikiwi. Nilisimama, nikasema kwa sauti ambayo wake wa majirani waliisikia. "Neno moja tu, mjomba! Neno moja!"

"Kaa chini, mama."

"Ungesema ndiyo!"

"Nimwambie mtu kwamba mwezi wa saba nilikwisha kata tamaa na Mungu? Na mimi kila asubuhi nilikuwa bondeni natazama kama yametoka mengine?" Hakupandisha sauti. "Nilikwenda mpaka mwezi wa kumi. Mguu huu huu."

Nilikaa chini nikalia. Yeye akala ming'oko. Si kwamba hakuwa na huzuni. Uso wake ulikuwa umeanguka kabisa. Mchuma janga hula na wa kwao, na janga hili nililichuma mimi. Watu walioingia kwa kumwamini walikuwa wameanza kupita mbele ya nyumba yake bila kusimama, na nina hakika aliona kwamba akilipwa peke yake hakuna atakayesimama mlangoni kwake tena. Hilo hakulisema, nami sikuuliza.

Nilirudi Nachingwea kumalizia. Kazi ya mwisho aliyonipa mkuu ilikuwa kufunga pembetatu. Ile moja niliifuta nikaweka sifuri. Kisha akaniandikia kwamba kwa kuwa hakuna dai litakalopokewa tena, ile pembe ya chini kulia haina tena kisichojulikana, kwa hiyo niijaze sifuri yote. Aliandika pia, mstari wa chini, "Pole." Nilikumbuka daftari langu na yale maneno niliyoyapigia mstari. Nikaiandika amri, ni fupi sana, na pembetatu ikawa mraba uliojaa. Nilipoichora, mstari wa mwaka wa nne ulilala chini kabisa tangu robo ya kwanza mpaka ya mwisho, umenyooka, hauna mkia.

Rehani iliandikwa wiki iliyofuata nyumbani kwa mjomba. Mfanyabiashara alikuja na shahidi wake. Shahidi wa upande wetu alitakiwa awe mtoto wa dada, na mtoto wa dada anayejua kuandika ni mimi. Nikapewa na kalamu kabisa, niandike karatasi yote. Niliandika mikorosho mingapi, niliandika misimu mitatu, niliandika mpaka wa bondeni. Chini kulikuwa na mahali pa tarehe.

Mjomba aliinama karibu yangu. Hajui kusoma sana, lakini namba anazijua.

"Umeandika ya lini?"

"Ya leo, mjomba."

Akaitazama kwa muda. Kisha akaweka dole.